Kava la plastiki la zamani kwenye ndege ya rimoti: nyeupe inatoka safi, nyekundu inang'oa mbao. Tatizo nini?

#1 MtotoWaMeru, Arusha
Habari wakuu. Nina ndege ya rimoti ya kizamani, ile ya kujifunzia yenye bawa juu ya bodi, yote balsa (mbao nyepesi sana) na injini ya mafuta puani. Nimepewa na jirani, mzee Mjerumani aliyekuwa anahama, ilikaa stoo miaka mingi. Mbao bado nzima ila lile plastiki lililovalishwa limelegea, limejaa mikunjo, kuna pale limechanika na kuna pale limenywa mafuta. Nataka nilivue lote nivalishe upya.

Shida iko hapa. Bawa ni jeupe, ncha zake nyekundu. Nyeupe nikiivuta inakuja safi kabisa. Nikifika kwenye nyekundu inagoma, ikikubali inakuja na nyuzi za mbao, na pale ilipotoka rangi imebaki kwenye mbao kama imepakwa na brashi. Balsa huku hakuna duka linalouza, nikiharibu ubavu mmoja (vile vipande vya mbao vinavyolipa bawa umbo) ni kuagiza nje, kwa hiyo nimesimama kwanza niulize. Mnatoaje? Joto au dawa? Na kwa nini rangi moja itoke nyingine igome kwenye bawa hilohilo?

#2 kipanga_wa_Tanga
Nimeweka kiti hapa. Nina glaida (ndege isiyo na injini) ya hivyohivyo darini.

#3 FundiPasi, Nairobi
Hizo ni filamu (plastiki za kuvalisha kwa joto) mbili tofauti bana, hakuna uchawi. Kuna MonoKote ya Wamarekani, iliingia sokoni miaka ya 1960, hiyo rangi yake iko ndani ya gundi. Yaani plastiki lenyewe ni kama kioo, rangi na gundi vimechanganywa upande wa chini. Ukiivuta, plastiki linakuja na gundi inabaki kwenye mbao pamoja na rangi. Halafu kuna Oracover ya Wajerumani, Wamarekani wanaiita UltraCote lakini ni ileile, hiyo rangi imekaa peke yake na gundi ni tabaka lingine chini yake, ndio maana inatoka bila kuacha kitu. Mzee alianza na nyeupe ya Kijerumani, baadaye akapata kipande cha nyekundu cha MonoKote akamalizia ncha. Ni hivyo tu.

Kupima ni rahisi. Kata kipande kidogo cha nyekundu, geuza upande wa gundi, futa na kitambaa chenye asetoni. Kitambaa kikiwa chekundu umepata jibu.

#4 Shoka_la_Bwejuu, Muscat
Assalaam alaykum. Nasoma hapo juu, ndugu yangu wa Nairobi kasema la maana lakini kaharakisha. Mie hapa Muskati nimeona filamu moja, roli moja, kampuni moja, upande ulokaa kwenye jua unagoma na ulokaa kivulini unatoka. Jua linaikausha gundi, na rangi nyekundu na nyeusi zinakula joto kuliko nyeupe. Hapa ukiiacha ndege ndani ya gari mchana wa mwezi wa sita, filamu nyeusi inajikunja wenyewe watazama, nyeupe ya pembeni yake haina habari. Basi hiyo nyekundu ya bwana Meru yawezekana imepikwa mara nyingi zaidi. Iliwekwa wapi hiyo ndege? Dirisha lilikuwa upande gani?

#5 MtotoWaMeru
Stoo ina dirisha dogo ila bawa lilikuwa limefungwa gazeti. Sijui kabla ya hapo.

#6 AeroMama, Leicester
Hamjambo. Niko Uingereza, klabu yetu hapa imejaa wazee wanaojenga balsa tangu utotoni na nimevua mabawa mengi tu ya kununua mitumba. Naongeza sababu ya tatu maana nimeikuta kwa macho: kuna watu wanapaka mbao dawa ya kushikisha kabla ya kuvalisha. Kulikuwa na moja inaitwa Balsarite, inapakwa kwa brashi, inafanya filamu ishike hadi ncha zenye mviringo ambako plastiki linapenda kujikunja. Na ncha za bawa ndiko kwenye mviringo! Kwa hiyo mzee inawezekana kabisa alipaka ncha tu. Hapo hata Oracover itang'oa mbao.

Kuhusu kuvua: pembe ya kuvutia ni muhimu kuliko dawa yoyote. Watu wanavuta kwenda juu, plastiki linasimama wima, hapo ndipo nyuzi zinanyanyuka. Likunje likalalie mgongo wake, uvute sambamba na mbao, karibu kabisa na mbao, polepole, ukifuata nyuzi zinakoelekea. Ukiona unyuzi umeanza kunyanyuka acha, anza upande wa pili.

#7 FundiPasi
@AeroMama hiyo ya Balsarite sikatai. Lakini angalia alichosema, rangi IMEBAKI kwenye mbao. Dawa ya kushikisha haielezi rangi kubaki. Hiyo ni rangi ndani ya gundi.

#8 AeroMama
Inaeleza. Gundi ikishika chini kwa nguvu kuliko ilivyoshika plastiki, inaachia juu. Tabaka linaachana pale palipo dhaifu, na rangi inabaki upande wa chini. Hata filamu ya zamani ya hapa, Solarfilm, ilikuwa inaacha rangi hivyohivyo.

#9 dogo_propela, Dar
Sasa joto litumike au lisitumike? Maana YouTube mmoja anachoma na hitigani (bunduki ya hewa moto) mwingine anavuta kavu kavu

#10 Shoka_la_Bwejuu
Joto. Bila joto unang'oa mbao.

#11 Mzee_wa_Gundi, Mombasa
Bila joto. Ukipasha, gundi yalainika yawa kama ulimbo, plastiki linakuja na gundi yote yabaki juu ya mbao, halafu uanze kuhangaika na msasa ukizibika kila dakika. Ikiwa baridi gundi ni ngumu, yaondoka na plastiki. Jaribuni asubuhi kabla jua halijatoka.

#12 Shoka_la_Bwejuu
Mzee wa Gundi, heshima zako, lakini kavu kavu kwenye balsa laini ni kuitafutia ndege maradhi. Gundi ikibaki inafutika. Mbao ikitoka hairudi.

#13 Mzee_wa_Gundi
Inategemea balsa. Kuna balsa nyepesi mno na kuna ngumu, mti mmoja mbao zake zapishana mara mbili tatu kwa uzito. Bawa la kujifunzia mara nyingi huvalishwa balsa ya wastani. Si nyepesi ile ya kuangukia mkononi kama pamba.

#14 AeroMama
Wote mko sawa kwa sehemu. Ninachofanya mimi: naanza kavu kwenye kona moja. Likitoka naendelea kavu. Likigoma napasha kidogo kwa draya ya nywele au pasi ndogo, si hitigani. Hitigani ina joto la kulifanya plastiki linywee ghafla, na likinywea wakati bado limeshika ubavu linauvuta. Nishaona ubavu umevunjika mbele yangu, mwenye bawa alitaka kulia. Pasi inatosha, joto linakaa pale unapotaka.

#15 kipanga_wa_Tanga
Pasi ya nguo ya kawaida inafaa?

#16 AeroMama
Inafaa, zima mvuke, weka moto wa chini upandishe taratibu. Weka kitambaa cha pamba katikati usije ukapaka gundi kwenye pasi ya mama watoto.

#17 dogo_propela
Huyo @kipanga_wa_Tanga atafukuzwa nyumbani nawaambia 😂

#18 Rubani_wa_Balcony, Nairobi
Kabla hamjafika mbali. @MtotoWaMeru usivue upande mmoja wote ukaacha wa pili. Nasema kwa herufi kubwa USIVUE UPANDE MMOJA. Lile plastiki lilivalishwa kwa kulivuta na joto, liko kwenye mkazo muda wote, juu na chini vinavutana ndio bawa likanyooka. Ukitoa la juu, la chini bado linavuta na bawa linajikunja kama upinde. Ukiliacha hivyo wiki mbao inazoea, utakuja kuvalisha upya bawa lililopinda na ndege itakuwa inaelemea upande mmoja hewani hujui kwa nini. Fanya vipande, juu kidogo chini kidogo, na ukimaliza lilaze juu ya ubao ulionyooka ulibane na misumari midogo au uzito mpaka siku ya kuvalisha.

Na usishtuke likiwa tupu likawa linasokoteka mikononi. Kwa mabawa yenye mbavu zilizo wazi, hilo plastiki ni sehemu ya nguvu yake, siyo nguo ya urembo. Ukivalisha upya ugumu unarudi.

#19 MtotoWaMeru
@Rubani_wa_Balcony asante sana, hii sikuwa naijua na nilikuwa natoa juu tu. Nimesitisha. Nimejaribu ile ya #3, kitambaa kimekuwa chekundu kweli.

#20 FundiPasi
🙌🏾 Kesi imefungwa.

#21 AeroMama
Haijafungwa ndugu. Pima na nyeupe pia. Kama na yenyewe inatoka rangi basi nadharia yako ya filamu mbili imekufa.

#22 MtotoWaMeru
Nyeupe: kitambaa kimepata kama vumbi jeupe kidogo. Siwezi kusema ni rangi au gundi.

#23 Shoka_la_Bwejuu
Nyeupe juu ya kitambaa cheupe, sheikh! Tumia kitambaa cheusi.

#24 Mzee_wa_Gundi
Ahahaha. Hata mie nilikuwa nataka kusema.

#25 Kemia_Mbezi, Dar
Jamani hiyo asetoni mnaitaja kama maji. Mimi ni mtu wa maabara. Inachemka kwenye nyuzi 56 tu, maana yake hewani inajaa haraka, na mvuke wake unashika moto hata kwa cheche ya swichi. Mtu anafuta bawa na asetoni huku pasi imewaka pembeni, hiyo siyo hobi tena. Dawa ifanyike nje, pasi imezimwa na imepoa. Glavu za mpira wa kawaida haziisaidii sana asetoni, tafuta za butili.

Lingine ambalo hakuna aliyelisema: asetoni ndiyo inayoyeyusha supaglu. Ile unayotumia kutoa supaglu vidoleni ni hiyohiyo. Sasa kama mbavu zilibandikwa kwa supaglu na unamwagia asetoni kwenye maungio, unalegeza ndege nzima. Epoksi haijali sana. Kwa hiyo loweka kitambaa, kamua, futa. Usimwage.

#26 dogo_propela
ile ya kutoa rangi ya kucha si ndo asetoni?

#27 Kemia_Mbezi
Baadhi. Nyingine zimeandikwa kabisa hazina asetoni na nyingi zina mafuta na manukato ndani, hayo mafuta yakiingia kwenye balsa kava jipya halishiki. Nunua asetoni kavu kwa wauza kemikali au wauza faiba. Na thina ya rangi ya gari ni mchanganyiko wa vitu vingi, inafanya kazi ila harufu yake ni balaa zaidi.

#28 Rubani_wa_Balcony
Na msijaribu kwenye mabawa ya povu! Kuna ndege ndani ya bawa ni povu jeupe lile la kufungia tivii, juu limefunikwa balsa nyembamba. Asetoni ikipenya inalila povu ndani, nje unaona bawa zima, ndani pango.

#29 kipanga_wa_Tanga
Duh. Nimeenda kuangalia glaida yangu mbio mbio. Ni mbavu, alhamdulillah.

#30 Mzee_wa_Gundi
Naomba niulize kinyume. Kwani lazima hiyo gundi itoke yote? Mie navalisha juu yake. Filamu mpya yashika vizuri juu ya gundi kuukuu, wakati mwingine kuliko mbao tupu. Piga msasa mwepesi uondoe vinundu, basi. Watu wasugua mpaka balsa yawa karatasi kwa ajili ya usafi ambao hakuna atakayeuona.

#31 FundiPasi
Inategemea unavalisha rangi gani mzee. Akiweka nyeupe au njano juu ya madoa mekundu yataonekana kwa chini, hizo rangi hazizuii kitu. Nyekundu juu ya nyekundu sawa.

#32 AeroMama
Na mapovu. Pale mbao ilipofunikwa yote (siyo kati ya mbavu), gundi ya zamani inaziba vinyweleo vya mbao, hewa inakosa pa kutokea, ukipitisha pasi inavimba mapovu. Hapo inabidi utoboe kwa sindano kila povu. Ndiyo maana mimi huwa nafuta mpaka nione mbao, angalau kwenye sehemu bapa.

#33 Mzee_wa_Gundi
Mapovu yaja hata kwenye mbao mpya mama. Ni unyevu. Sie wa pwani twajua. Mbao imenyonya hewa ya bahari, ukiipasha yatoa mvuke.

#34 AeroMama
Huku kwetu mvua mwaka mzima na mapovu napata tu kwenye gundi ya zamani 😄 Lakini sibishi sana.

#35 Mwewe_Houston
Habari za huko. Nimechelewa ila nimesoma yote. Mimi nina wazo tofauti kuhusu nyekundu kugoma: moto wa pasi wakati wa kuvalisha. MonoKote inataka joto kubwa kuliko Oracover, na kwenye ncha ya bawa mtu anarudia pasi mara nyingi mno kuondoa mikunjo, anavuta, anapasha, anavuta. Gundi pale inayeyuka na kuzama kwenye mbao kabisa. Kati ya mbavu hakuna mbao ya kuzama, kwenye mgongo wa bawa unapitisha pasi mara moja. Kwa hiyo hata kama bawa lote lingekuwa rangi moja, ncha zingegoma. @MtotoWaMeru hebu tuambie, kwenye mkia kuna nyekundu? Mkia ni bapa, hauna mviringo.

#36 MtotoWaMeru
Kuna mstari mwekundu kwenye mkia wa kusimama. Bado sijaugusa. Kesho.

#37 Rubani_wa_Balcony
Swali zuri sana hilo la Houston. Kama mkia utatoka safi basi siyo filamu.

#38 FundiPasi
Au mstari wa mkia ni stika. Wengi wanapamba kwa stika ya vinili juu ya filamu. Hiyo haitathibitisha chochote.

#39 dogo_propela
Fundi Pasi hakubali kushindwa huyu

#40 FundiPasi
Nakubali nikishindwa. Bado.

#41 Kemia_Mbezi
Kuna aliyegusia mafuta kwenye #1 tukayaruka. Hilo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko rangi. Injini hizo zinakunywa methanoli iliyochanganywa na mafuta, na za zamani nyingi zilikuwa mafuta ya nyonyo. Yanatoka kwenye ekzosi yanapaka bodi yote upande mmoja, yakipata tundu yanaingia chini ya kava na balsa inayanywa. Mbao iliyolowa mafuta haishiki gundi wala filamu, na pale puani inapobeba injini inalainika taratibu mpaka plaiwudi inaachana.

Uzuri wa nyonyo ni kwamba tofauti na mafuta mengi inayeyuka kwenye spiriti ya alkoholi. Kwa hiyo futa na spiriti hiyo, iache ikauke, rudia. Yaliyozama ndani yavute kwa poda au unga laini wa mahindi: paka mzito, pasha kwa draya mafuta yapande juu, unga uyanywe, pangusa, rudia mpaka unga ubaki mweupe.

#42 kipanga_wa_Tanga
Unga wa sembe au dona?

#43 Kemia_Mbezi
Ule laini kabisa wa kuungia supu, wanga wa mahindi. Dona una chenga na mafuta yake.

#44 Shoka_la_Bwejuu
Hili la unga nimelifanya, kweli linavuta. Lakini mbao ya puani ikishakuwa nyeusi na laini ukibonyeza kwa kucha, kata utie nyingine. Usiionee huruma.

#45 Mwewe_Houston
Kukata sawa ila balsa si ya kuchezea. Karibu yote inatoka Ekwado, na wenye viwanda vya mitambo ya umeme wa upepo wanaitumia ndani ya yale mapanga makubwa. Mwaka 2020 Wachina walinunua sana mpaka maduka ya hobi huku yakawa na rafu tupu. Kwa hiyo aliyeko Arusha akiokoa kila kipande anafanya la maana.

#46 AeroMama
Ongezea na hili: plastiki kuukuu usilitupe. Toa kipande kikubwa kizima kizima uweze kukitumia kama patani ya kukatia jipya, hasa zile ncha na mapambo. Na ukiwa unakata kwa wembe kata kati ya ubavu na ubavu, hewani, usikate juu ya mbao. Wembe ukipita juu ya mhimili wa bawa hata kwa mkwaruzo mdogo, hapo ndipo bawa litavunjika siku ukivuta stiki kwa nguvu.

#47 Rubani_wa_Balcony
Na vua vibawa vidogo vya nyuma na usukani kwanza, ukivua vikiwa vimeshikana na bawa utachana bawaba. Halafu likiwa tupu likague kwenye mwanga. Mbavu zenye ufa, maungio yaliyoachia, yule mzee pengine aliwahi kuliangusha akaliunga na usijue mpaka leo.

#48 MtotoWaMeru
Wakuu nimerudi. Nimetoa mstari wa mkia. Siyo stika, ni filamu. Nusu imetoka safi nusu imeacha rangi. Iliyoacha rangi ni upande wa chini karibu na bodi.

#49 FundiPasi
Eh.

#50 Mwewe_Houston
Karibu na bodi kuna kona, pasi hupita mara nyingi pale. Nashikilia la moto.

#51 Shoka_la_Bwejuu
Karibu na bodi ndiko ekzosi inakopita. Mafuta na joto.

#52 Kemia_Mbezi
Mafuta yangelegeza gundi, yasingeikaza.

#53 AeroMama
Au alipaka dawa ya kushikisha kwenye kona tu. Ndiko watu wanakopaka.

#54 FundiPasi
Rangi imebaki, kitambaa kilikuwa chekundu, ni rangi ndani ya gundi. Mahali ilipogoma na sababu ya kugoma ni maswali mawili tofauti na nyie mnayachanganya.

#55 Mzee_wa_Gundi
Hapo Fundi kanena.

#56 MtotoWaMeru
Nimewaelewa wote. Kwa sasa naenda hivi: kavu kwanza, ikigoma pasi ya chini na kitambaa, kuvuta nikilaza, juu na chini kwa zamu, rangi iliyobaki naifuta na asetoni nje kwa kitambaa kilichokamuliwa, spiriti na wanga wa mahindi puani. Ncha nitazivalisha nyekundu tena nisihangaike na madoa. Bawa la kulia tayari liko wazi, nimelibana kwenye mlango wa zamani uliolala sakafuni. Kuna ubavu mmoja una ufa kama alivyosema Rubani.

#57 Rubani_wa_Balcony
Ufa uweke kipande cha balsa pembeni, gundi nyeupe ya mbao, ubane usiku mzima. Usiweke plaiwudi, uzito. Na ukarabati wowote wa mkiani ufanye mwembamba, kule nyuma ni mbali na kitovu cha uzito, gramu moja utailipa kwa gramu tatu za risasi (ile metali nzito) ya kusawazisha puani.

#58 dogo_propela
mkuu ikiruka tuwekee video. na TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) uwatafute kwanza usije ukakamatwa na kitu kizuri hivyo

#59 kipanga_wa_Tanga
Samahani naingilia, glaida yangu kava siyo plastiki kumbe. Ni kama karatasi ngumu iliyopakwa vanishi, nikiigusa inapasuka. Hii nayo inavuliwa kwa pasi?

#60 AeroMama
Hapana! Hiyo ni karatasi ya tishu na dopu (laki ya kukazia karatasi), ya kabla ya hizi filamu. Dopu ya zamani inashika moto upesi sana, usiisogezee pasi. Piga picha uweke hapa, ikiwa nzima huenda usiivue kabisa.